Siku Bwana Afya Alipokuja Molo

Kliniki ya Daktari Aldwick,
Molo.
Jumapili, 11 Machi 1956

Kwa ndugu yangu mdogo Kipkemboi,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za wote wa hapa nyumbani. Sisi wazima, tunashindana na baridi tu, na baridi ya Molo unaijua. Mama anauliza kama huko Nakuru unakula au unavaa tu, maana picha uliyotuma inaonyesha suti mpya na mashavu yaliyoingia ndani. Viazi vya Kuresoi vimeoza ardhini kwa mvua. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Nusu ya kambi ya shamba bado ni tupu tangu Wakikuyu waondolewe kwa ajili ya vita vya msituni, kwa hiyo waliobaki wanafanya kazi ya watu wawili, na wajawazito hawaachwi.

Chemutai dada yetu ni mmoja wao. Ana mimba, na kwa hesabu yangu atajifungua Agosti. Unakumbuka mtoto wa kwanza alivyokaa siku mbili njiani mpaka wakaponea chupuchupu pale hospitali ya Nakuru. Mama ameapa kwamba hatazalia nyumbani tena. Na bwana shamba, yule mzungu mwenye shamba, anailipa kliniki yetu kwa ajili ya wafanyakazi wake wote, hatoi ruhusa mtu aende kwingine. Kwa hiyo atazalia hapa, mbele ya macho yangu.

Sasa nisikilize vizuri. Tangu Krismasi tumezika wanawake wawili, Jepkosgei na Chelagat. Wote walijifungua salama. Siku ya tatu homa, tumbo likafura, wakaenda. Mimi najua ni nini. Ile sterilaiza, chombo chetu cha mvuke cha kuulia vijidudu, raba ya mfuniko wake imekatika na mvuke wote unatokea pembeni. Nguo na pamba za kuzalishia tunazitia mle, tunangoja saa nzima, zinatoka vuguvugu. Mikasi nachemsha mwenyewe kwa sufuria, hiyo siiogopi. Lakini nguo ukizichemsha lazima uzianike, na hapa ni vumbi na nzi.

Nimemwambia Daktari mara tatu. Mara ya kwanza alisema ataagiza. Mara ya pili alisema sterilaiza hiyo ilikuwa nzima kabla sijazaliwa. Mara ya tatu aliniambia Molo haikosi madresa wengine wa kufunga vidonda. Si mtu mbaya, Kipkemboi. Amezeeka, mikono inamtetemeka, na ameshachoka na sisi. Akinifukuza bila barua ya sifa, hakuna atakayeniandika kazi.

Wewe unamshikia kitabu Bwana Afya, yule mzungu anayekagua kliniki zote. Mlete. Aingie ghafla, aone kwa macho yake mwenyewe, aamuru chombo kipya kwa maandishi. Usimwambie mimi ni kaka yako.

Wako,
Joel Kiprugut


Ofisi ya Afya,
Nakuru.
29 Aprili 1956

Kaka yangu mkubwa,

Salamu kwako, shikamoo kwa Mama. Nisamehe kuchelewa. Barua yako ilikaa posta wiki mbili na ilinifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena, kama barua zote siku hizi. Mwambie Mama mashavu yalikuwa hivyo kwa sababu mpiga picha aliniambia nisicheke. Nakula vizuri. Chumba changu ni kidogo, lakini paa halivuji, na ofisi imesema mwaka ujao huenda nikapelekwa Nairobi kusoma zaidi. Bado si hakika, usitangaze kanisani.

Kuhusu jambo lako. Bwana Afya si mtu wa kuambiwa aende wapi na mtu kama mimi. Lakini kazi ya kupiga taipu orodha ya ukaguzi ni yangu. Nimeiweka kliniki yenu kati ya machinjio na hoteli ya stesheni, naye ameisoma na kutia sahihi. Itakuwa Juni.

Tarehe sitakuambia, na wewe usiiulize. Ninachokuomba ni kimoja. Usiguse kitu. Chombo kibaki palepale kilipo, na nguo zile ziwe mle ndani, ili akiweka mkono aone mwenyewe. Nitakuwa nyuma yake na kitabu, na nitajifanya sikujui.

Msalimie Chemutai. Asibebe madebe ya maji.

Mdogo wako,
Samwel Kipkemboi


Molo,
Jumapili, 10 Juni 1956

Ndugu yangu,

Sina nafasi, posta ya treni inaondoka. Mama mzima. Chemutai mzima, miguu imevimba kidogo.

Daktari ameniita leo baada ya ibada. Kumbe Bwana Afya wako amemwandikia kumpa habari kwamba atafika Alhamisi saa nne. Wazungu hawashtukizani. Daktari amesema tu, «Alhamisi kuna inspekshen, Joel,» akarudi kwenye gazeti lake. Hakuniamuru nifanye lolote, na mimi sitafanya. Namshukuru Mungu. Wiki iliyopita tumempoteza wa tatu, mke wa mchunga kondoo.

Joel


Nakuru,
25 Juni 1956

Kaka yangu mkubwa,

Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Nimekaa siku kumi na moja nikitafuta jinsi ya kuandika barua hii kwa heshima, na sijaipata, kwa hiyo nitaandika hivi hivi. Ripoti imetoka leo. Imesema kliniki ya Molo ni safi, vyombo vyake ni vizuri, na dresa wake anastahili sifa. Nimeipiga taipu kwa vidole vyangu. Cheti kitafika kwa Daktari wiki hii.

Kaka, kulikuwa na nini siku ile? Niliingia nikadhani tumekosea nyumba. Kuta zilikuwa nyeupe mpaka macho yaliuma, na chokaa ilikuwa mbichi, imenishika begani. Vitanda vilikuwa vimenyooka mstari mmoja. Wewe ulikuwa mlangoni na koti lililopigwa pasi, ukapiga saluti. Na pale kwenye kona, sterilaiza inang'aa.

Ulinitafuta wewe, sikukutafuta mimi. Nimeiweka kazi yangu rehani kwa ajili ya orodha ile. Sisemi zaidi, wewe ni mkubwa wangu. Nataka tu kujua.

Samwel Kipkemboi


Molo,
15 Julai 1956

Kwa Kipkemboi,

Salamu. Mama anaumwa magoti ila anatembea. Mvua imekatika, tumeanza kupanda viazi tena. Chemutai ameachishwa shamba la pareto, sasa anapepeta mahindi akiwa amekaa, hiyo ni nafuu.

Una haki ya kuuliza, na ungekuwa na haki ya kunitukana. Mimi nitakueleza na wewe utaona kama ni maelezo ya mtu mwenye akili.

Jumatatu na Jumanne sikugusa kitu. Nilipita pale kwenye sterilaiza nikiwa na furaha ya siri. Jumatano jioni nilisimama mlangoni nikatazama chumba kwa macho ya mgeni. Niliona damu ya zamani ukutani, shuka zenye viraka, na ndoo isiyo na mpini. Nikawaza, kesho mtu atatoka Nakuru aje asimame hapa, na hapa ndipo mahali pangu. Miaka kumi nimekaa hapa. Daktari yeye huja saa tano na kuondoka saa saba. Uchafu ule ukionekana, litachafuka jina la nani?

Na kuna neno lile, inspekshen. Wewe hukukaa jeshini. Kule Burma, afande akisema inspekshen, hata mgonjwa mwenye risasi mguuni alinyoosha blanketi lake. Si hofu, Kipkemboi, sijui nikuambieje. Mikono inaanza yenyewe. Nilisema nitapaka chokaa ukuta mmoja tu, ule wenye damu. Ukuta mmoja ukaufanya wa pili uonekane mbaya zaidi. Kulipokucha nilikuwa nimemaliza yote manne, na katikati ya weupe ule sterilaiza yetu imesimama na kutu yake, inaniaibisha. Rafiki yangu mmoja anamfanyia kazi daktari wa ng'ombe. Nilimwomba aniazime chombo chao, kipya, nikakibeba kwa toroli saa mbili asubuhi. Kile kibovu nilikificha stoo, nyuma ya magunia.

Nilijidanganya kwamba Bwana Afya atauliza. Nilijiambia, akiniuliza kitu kimoja tu, nitamwambia kila kitu. Hakuuliza. Alisema, «Vizuri sana, dresa,» na mimi nikapiga saluti. Nilifurahi. Hilo ndilo linanichoma, kwamba nilifurahi.

Jioni nilirudisha chombo cha watu. Daktari ameweka cheti kwenye fremu ya kioo. Jana nilimkumbusha habari ya raba, akanionyesha cheti ukutani kwa kidole.

Mrudishe Bwana Afya. Nakuomba kama baba yangu. Safari hii sitagusa hata ufagio. Zimebaki wiki tano.

Joel


Nakuru,
2 Agosti 1956

Kaka yangu mkubwa,

Salamu kwa Mama na magoti yake, nimempelekea dawa ya kuchua kwa mkono wa mlinzi wa stesheni.

Nimejaribu. Nilimwambia Bwana Afya kwamba nimesikia watu wakilalamika juu ya kliniki ya Molo. Aliuliza watu gani. Nikasema watu wa treni. Akacheka, akasema watu wa treni wanalalamikia hata jua. Kliniki iliyopata cheti haikaguliwi mpaka mwaka uishe. Tena amesema madresa wa Naivasha na Ndabibi watapelekwa kwenu mwezi wa kumi, waone jinsi kazi inavyofanywa. Anasimulia kila mahali habari za dresa wa Molo.

Sasa tumwache. Tumfikirie Chemutai. Nimezungumza na sista mmoja wa hospitali hapa, amekubali kumpokea hata kama ni wiki mbili kabla ya siku zake. Kinachotakiwa ni barua ya bwana shamba kumruhusu kusafiri. Mwende wewe na shemeji, mume wake, mkamwombe kwa upole. Mkipata barua, mpandisheni treni nami nitampokea stesheni.

Kama barua itakosekana, nguo zake za kuzalia uzichemshe wewe mwenyewe, uzikaushe ndani kwa pasi ya moto, uzifunge kwenye karatasi safi na uziweke kando. Usimwachie mtu.

Mdogo wako,
Samwel Kipkemboi


Molo,
Alhamisi, 30 Agosti 1956

Kwa Kipkemboi,

Simu ya maandishi niliyokupelekea uliipata Jumamosi asubuhi, najua, maana karani alinionyesha stakabadhi. Mama alikungoja kaburini mpaka saa kumi. Watu walisema labda treni, labda vizuizi vya askari. Na mimi nikasema labda.

Nakuandikia ili ujue ilivyokwenda, usije ukasikia kwa wengine.

Bwana shamba alikataa barua. Hakutukaripia, alisema tu kwamba Daktari Aldwick ana cheti cha serikali, na yeye analipa, kwa nini apeleke mtu Nakuru? Nilirudi nikafanya kama ulivyosema. Nilichemsha nguo, nikazipiga pasi mpaka zikawa kavu kabisa, nikazifunga kwenye karatasi, nikaandika jina lake juu, nikazifungia katika kabati langu.

Jumatatu asubuhi tarehe ishirini Daktari alinituma juu, shamba la mzungu mmoja aliyevunjika mguu, nikamfunge. Ni mwendo wa saa tatu kwa baiskeli. Chemutai alikuwa hajahisi kitu nilipoondoka, nilipita kwake kwanza. Uchungu ulimshika saa nne. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu, Kipkemboi. Niliogopa kumwachia mtu, kama ulivyoniambia, na mimi mwenyewe nilikubaliana nawe. Yaya wa kliniki, anayenisaidia kazi, alimzalisha kwa nguo za sterilaiza. Alifanya kazi nzuri, mtoto alitoka haraka, msichana. Niliporudi saa kumi nilimkuta Chemutai amekaa anakunywa uji, akaniambia nimechelewa sherehe.

Jumatano usiku homa. Nilimpiga sindano za penisilini zote tulizokuwa nazo. Daktari alikuja mara mbili, na mara ya pili alikaa kwenye kiti karibu naye muda mrefu. Ijumaa alfajiri alikata roho.

Mtoto yuko kwa Mama, anakunywa maziwa ya ng'ombe mwekundu. Hajapewa jina.

Joel


Nakuru,
7 Oktoba 1956

Kaka yangu,

Salamu kwa Mama, na kwa mtoto.

Treni ilikuwepo. Vizuizi havikuwepo. Nilifika stesheni ya Nakuru Jumamosi ile asubuhi nikakata tiketi, nikakaa kwenye benchi, na treni ikaondoka mbele yangu. Nitakuambia sababu, halafu utafanya utakalo nami.

Siku ya inspekshen, Bwana Afya aliniambia niandike namba ya chombo. Yeye hainami kwa sababu ya mgongo wake, kazi ya kuinama ni yangu. Nilipiga magoti nyuma ya sterilaiza ile. Chini, karibu na sakafu, palikuwa na jina la daktari wa ng'ombe kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, hata mtoto angelisoma. Nilielewa yote palepale. Nilijua chenu kibovu kimefichwa, na kwamba ningesema neno moja kingetafutwa na kupatikana.

Wewe ulikuwa umesimama wima, mikono imenyooka ubavuni. Bwana Afya alikuwa anasema kwa Kizungu kwamba hajaona dresa kama huyu katika Bonde la Ufa lote. Tangu niko mtoto nimesikia watu wakisema Kiprugut alikwenda Burma akarudi kushika ndoo za wagonjwa. Siku ile mzungu alikuwa anakusifu kwa mdomo wake, na nilijivuna, kaka. Kusema ingekuwa kukuvua nguo mbele yake. Niliandika namba, nikainuka, nikajipangusa magoti.

Na kisha nikakuandikia barua ya kukuuliza kulikuwa na nini, kana kwamba sijui. Nilikuachia mzigo uubebe peke yako. Hilo halisameheki, na sikuombi unisamehe.

Samwel Kipkemboi


Molo,
18 Novemba 1956

Kwa Kipkemboi,

Barua yako niliipata mwezi uliopita. Nimeisoma.

Madresa wa Naivasha na Ndabibi walikuja, watu sita. Daktari aliniambia niwatembeze. Nilianza kupaka chokaa siku mbili kabla. Yule rafiki yangu alikubali tena kuniazima. Mmoja wao, kijana wa Ndabibi, aliniuliza kama nguo zinakauka vizuri katika chombo kile, nikamjibu zinakauka vizuri. Tangu Chemutai tumezika mmoja mwingine.

Viazi vimetoka vizuri safari hii. Mtoto anakua, amepewa jina la Jepkorir. Magoti ya Mama yametulia, dawa yako ilimsaidia.

Ninayeandika sasa ni mimi, lakini maneno ni ya Mama. Ameketi hapa karibu nami, ameniambia niandike asemavyo na nisiongeze changu. Anasema hivi. «Mwambie Kipkemboi nimemuuliza kaka yake mara nyingi, naye ananiambia ni mapenzi ya Mungu, lakini akisema hivyo hanitazami. Mwambie yeye ndiye aliyesoma mambo ya magonjwa. Aje Krismasi, akae hapa na mimi, anieleze. Mtu amejifungua salama, amekaa, amekunywa uji, amecheka. Siku ya nne anakufaje? Sina hasira na mtu. Nataka kujua tu, nimekuwa mzee. Mwambie sitamuuliza kaka yake tena, namngoja yeye.»

Hayo ndiyo maneno yake. Nimemsomea, amesema ni sawa.

Joel


Ofisi ya Afya,
Nakuru.
9 Desemba 1956

Kaka yangu mkubwa,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Mimi mzima wa afya. Habari nilizopata ni kwamba nimechaguliwa kwenda Nairobi kusoma, naondoka Januari.

Mwambie Mama kwamba mwaka huu ofisi haikutoa likizo ya Krismasi.

Mdogo wako,
Samwel Kipkemboi